Viwimbi Nilivyovichuja

Vijana wa parokia yetu, mliniomba ukurasa mmoja kuhusu kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu. Katibu wenu alikuja hadi kwangu hapa Fedha, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akaniambia kwa heshima zote kwamba mnataka kitu cha kuwatia moyo. Nimejaribu mara tatu kuandika kitu cha namna hiyo na kila mara kimekataa. Basi nitawaandikia kilichopo, na huo moyo mtajitilia wenyewe.

Mimi ni Wafula. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, nikazaliwa na kulelewa katika nyumba za reli, ambako tuliamka kwa honi za magari moshi. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi mkuu wa kompyuta katika idara ya fizikia ya chuo kimoja hapa mjini. Sikuwa daktari wala profesa. Nina diploma moja tu, na fremu yake ilikwisha kuliwa na mchwa. Lakini katika chumba kile cha mitambo, hakuna aliyeendesha hesabu bila mimi kumpa zamu, na hakuna mchoro uliotoka bila mimi kuutazama. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniharibu.

Kazi yetu ilikuwa plasma. Nilipokuwa bado nakaa Kayole nilifanya kosa la kumtajia neno hilo jirani yangu, Mama Mwikali. Jumamosi iliyofuata nilikuta televisheni mbili mlangoni, zile bapa ambazo watu wote waliziita plasma, moja yake na moja ya dada yake wa Dandora. Moja niliitengeneza. Ya pili niliimaliza kabisa, na Mama Mwikali hakunisalimia hadi Krismasi.

Plasma tuliyoihangaikia sisi, yaani gesi iliyovunjika kuwa chembe za umeme, iko mbali sana. Nyota kubwa inapokufa hulipuka, na katikati hubaki maiti yake. Ni mpira wenye uzito unaozidi wa jua letu zima, lakini upana wake ni kama kutoka Kayole hadi ng'ambo ya Westlands. Maiti hiyo haitulii. Hujizungusha mara nyingi kwa sekunde moja, na ina usumaku wa kutisha. Wataalamu huiita pulsa. Hupuliza upepo wa elektroni na pacha wake, positroni, upepo unaokwenda karibu sawasawa na mwanga wenyewe. Upepo huo husafiri ukiwa gizani, hauonekani, hadi ugonge mabaki mazito yaliyojaa mbele yake. Hapo unasimama ghafla, unachemka, na kuanzia hapo ndipo wingu lote linawaka. Mahali unaposimama panaitwa wimbi la mshtuko.

Mkitaka kuliona nyumbani, ngojeni siku maji yatakapokuja. Fungueni mfereji juu ya sinki lililo tupu. Maji yakigonga chini hutawanyika haraka, membamba, laini, halafu kwa umbali fulani yanainuka ghafla na kufanya duara, na nje ya duara hilo ni mazito na ya polepole. Duara hilo ni ndugu wa mshtuko wetu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alinikuta mara nyingi nimeinama pale jikoni nalitazama, akawa anauliza kama vyombo vitajiosha.

Sasa, hakuna anayeweza kwenda kuupima upepo huo. Tunautengeneza ndani ya kompyuta. Tunachukua chembe nyingi mno kuhesabika, tunazirusha ndani ya sanduku la hesabu, na sanduku hilo limegawanywa matundu matundu kama wavu. Kwenye kila tundu kompyuta inapiga hesabu ya umeme na usumaku, inazisukuma chembe kidogo, inapiga tena. Wavu ukiwa na matundu madogo, hesabu inakuwa sahihi zaidi, lakini inachukua muda wa kuotesha mvi.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa Dokta Auma, mwanamke mfupi, mkali, aliyerudi kutoka masomoni na programu yake ndani ya diski na maneno machache. Yeye ndiye aliyetuwekea desturi ya mistari mitatu. Kila mchoro uliotoka kwenye printa ulipaswa kuandikwa kwa penseli, kwenye kona ya chini, mambo matatu: aliyeendesha, wavu, kichujio. Aliyeendesha ni jina la mtu aliyeketi na kuifanya hesabu ile kwa mikono yake, hata kama wazo lilikuwa la mwingine. Wavu ni ukubwa wa matundu. Kichujio ni kama umelainisha hesabu, maana kompyuta nayo huwa na machicha yake, makosa madogo ya hesabu, na kuna njia ya kuyachuja. Mchoro usio na mistari hiyo Dokta Auma aliugawia mama wa karanga pale langoni. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa ndani ya kazi yangu ya wiki mbili.

Siku moja, katika miaka yangu ya kwanza, tuliona viwimbi. Mbele ya mshtuko, mahali ambapo upepo ulipaswa kuwa laini kwa sababu haujagonga kitu bado, palikuwa na mikunjo mizuri iliyopangana. Tulifurahi sana. Dokta Auma alituma mtu alete soda, akaandika karatasi, akapanda ndege kwenda kuisoma mbele ya wataalamu. Alipomaliza, mzee mmoja wa huko alisimama akamuuliza swali fupi: je, mlibadilisha matundu ya wavu? Hatukuwa tumebadilisha.

Alirudi, akaniambia niyapunguze matundu kwa nusu. Viwimbi navyo vikapungua kwa nusu. Nikayapunguza tena, vikapungua tena. Ndipo tulipoelewa. Ndani ya wavu, mwanga wa hesabu huchelewa kidogo kwa kuruka tundu hadi tundu, lakini chembe hazicheleweshwi. Kwa hiyo chembe zinakwenda kasi kuliko mwanga, jambo ambalo halimo katika ulimwengu wa Mungu, na zikifanya hivyo zinatimua mawimbi ya uongo. "Wafula," aliniambia, "tulikuwa tunautazama wavu wetu wenyewe." Hakulitaja tena jambo hilo, na nadhani hakuwahi kujisamehe. Mimi nilijifunza kuogopa. Alipostaafu akaniachia funguo za chumba, niliapa kwamba kiwimbi cha aina hiyo hakitatoka tena mlangoni mwangu.

Niwape kwanza ushauri wa matumizi, kabla sijaingia kwenye giza. Hifadhini hali ya hesabu yenu kila baada ya muda, mahali pawili tofauti, kwa sababu stima ya mji huu haimheshimu mtu. Niliwahi kupoteza siku kumi na tisa kwa transfoma moja iliyolipuka. Kila asubuhi pimeni nishati yote iliyomo ndani ya sanduku. Ikiwa imeongezeka na hakuna aliyeiongeza, mna mwizi wa kinyume, anayeleta badala ya kuchukua, na huyo ni mbaya zaidi. Msile ugali karibu na nyaya. Panya aliyekuja kwa ajili ya makombo yangu alikula waya wa mtandao, na Profesa wetu alisafiri na nusu ya mchoro.

Sasa Nduku.

Nduku alikuja kwetu kusomea udaktari wa falsafa. Alikuwa msichana mtulivu, Mkamba, binti wa mchongaji wa vinyago aliyekuwa na karakana upande wa Gikomba. Alikuwa na kalamu nyuma ya sikio kama baba yake alivyokuwa na penseli. Alikuwa akilipiwa na ufadhili wenye mwisho, na mwisho huo ulikuwa umekaribia. Alihitaji kitu kimoja tu, yaani jambo jipya, hata dogo, ambalo hakuna mtu mwingine aliyeliona. Bila hilo hakuna shahada ya udaktari, mjue hivyo nyinyi mnaoitamani.

Alasiri moja aliniita kwenye meza yake. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mshtuko uliokaa vizuri, na mbele yake kulikuwa na viwimbi.

Nilivitazama kwa dakika mbili. Sitaki kusema tatu, kwa sababu hazikuwa tatu. Nilimwambia ni machicha ya wavu, nikamsimulia kisa cha Dokta Auma, nikacheka kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua daftari lake. Alikuwa amekwisha kufanya hesabu tatu ndogo kwenye kompyuta yake mwenyewe, kila moja ikiwa na matundu madogo kuliko iliyotangulia. Viwimbi vilikuwa vimebaki na ukubwa uleule.

Hapo ningepaswa kukaa chini. Badala yake nilimwambia kwamba sanduku alilotumia ni jembamba mno, na katika sanduku jembamba kila kitu kinaweza kujifanya kweli. Hilo lenyewe si uongo, na ndiyo sababu lilinifaa. Aliniomba basi nimpe mitambo yote afanye hesabu kubwa, matundu madogo mara nne, bila kichujio. Ingechukua wiki tano. Kulikuwa na foleni, kulikuwa na mgao wa stima, na wote wangenilalamikia mimi. Nikakataa. Nikawasha kichujio kwenye hesabu yake ya kwanza, nikaiendesha tena, na viwimbi vikatoweka. Nikamwambia, unaona, kimya.

Wanafunzi wengine watano walikuwa wamegeuza viti kututazama. Nduku alizungumza kwa sauti ya chini, kwa adabu.

"Mzee, baba yangu anachonga. Husema alama ya patasi hufuata patasi, lakini ufa wa mti hufuata mti. Mimi nimebadilisha patasi mara tatu. Hii imefuata mti."

Nami nikamjibu, "Huku hatuchongi twiga."

Walicheka wote. Kicheko kile kilinipendeza, na hilo ndilo ninaloona haya zaidi kuliko maneno yenyewe. Nduku alifunga daftari. Hakuniomba tena kitu chochote isipokuwa zamu yake.

Profesa aliyemsimamia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi, na miaka yote alikuwa na swali moja kwa kila mwanafunzi: Wafula anasemaje? Wafula alisema ni machicha. Basi tasnifu ya Nduku iliandikwa ikiwa na michoro laini iliyochujwa, mizuri ya kutazama, na ndani yake hakukuwa na jambo lolote ambalo wengine hawajalisema. Watahini walimuuliza kipya ni kipi. Nilikuwapo, nimekaa nyuma karibu na swichi ya projekta. Aliwatazama, akanitazama mimi, halafu akasema kwamba amethibitisha kazi za waliotangulia. Wakamwambia arudi akatafute zaidi, ampelekee Profesa jambo jipya katika mwaka mmoja. Ufadhili ulikuwa umekwisha mwezi uliotangulia. Baba yake alikuwa ameanza kuugua macho, na mchongaji asiyeona ni mzigo kwa nyumba nzima. Nduku alikuja akarudisha ufunguo wa kabati, akanishukuru, akaondoka.

Miaka miwili baadaye Profesa alishuka chumbani na makala mkononi. Watu wa nchi ya mbali, wenye mitambo ambayo yetu ingeweza kukaa ndani ya mfuko wake, walikuwa wametangaza jambo kuhusu mishtuko ya upepo wa aina hiyo. Chembe zinapofika kwenye mshtuko, usumaku huzigeuza zote zizunguke pamoja, na katika kuzunguka huko hurusha mawimbi kuelekea mbele. Mawimbi hayo hutangulia mshtuko, yanaingia ndani ya upepo uliotulia na kuupasua nyuzi nyuzi kabla haujagonga. Kulikuwa na mchoro. Ningeweza kuutambua hata kwenye karatasi ya karanga.

Profesa aliuliza, "Wafula, hii si ile ya Nduku?"

Nikasema, "Hapana. Yao ni tofauti."

Akaniamini. Alikuwa ameniamini miaka kumi na saba. Akaichukua makala yake, akapanda ngazi.

Nimefikiri sana kuhusu jibu hilo. Kosa la kwanza lilikuwa la hofu, na mtu huweza kuelezea hofu. La pili halikuwa na hofu yoyote ndani yake. Siku ile mambo yangeweza bado kurekebishwa, kwa sababu jina la Nduku lilikuwa bado kwenye orodha ya wanafunzi, daftari lake lilitangulia makala ile, na Profesa angempigia simu jioni ileile. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema nami nikasema nyingine. Baada ya hapo niliendelea na kazi miaka minne hadi nilipostaafu, nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Katika hotuba walinisifu kwa uangalifu wangu.

Nilipokuwa nikifungasha vitu vyangu nilipata sanduku la michoro ya zamani, na humo mchoro wa Nduku, ule laini uliokuwa kwenye tasnifu yake. Kwenye kona, kwa penseli, mistari mitatu ilikuwapo. Aliyeendesha: Nduku. Wavu: wa kawaida. Kichujio: Wafula. Wengine wote waliandika pale "kipo" au "hakuna". Yeye alikuwa ameandika jina langu, na karatasi hiyo ilipita mbele ya Profesa, mbele ya watahini, mbele yangu mimi mwenyewe niliyeipiga muhuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyesoma penseli.

Niliichukua nyumbani. Nilinunua kompyuta ya mtumba yenye kadi nzuri ya picha, ile inayopiga hesabu haraka, ya mtu aliyekuwa akiitumia kwa michezo, nikaiweka chumba cha watoto ambao sasa ni watu wazima na wako kwao. Faili ya Nduku nilikuwa nayo katika diski. Sikubadilisha namba zake hata moja, isipokuwa wavu na kichujio. Matundu madogo mara nne, kichujio nikakizima. Ilichukua miezi mitatu na nusu. Stima ilipotea mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika, na kila mara niliianza tena kutoka mahali nilipohifadhi. Jirani wa juu aliuliza ni mashine gani inayovuma kutwa. Nikamwambia ni feni.

Viwimbi vilitokea, ukubwa uleule, umbali uleule kutoka kwenye mshtuko. Niliipima nishati asubuhi mbili mfululizo kutafuta mwizi, na sikumpata. Nilikaa mbele ya kioo kile nikalia, mzee wa umri wangu, peke yangu na jua la saa nne likiingia dirishani.

Kwanza nilimwandikia Profesa, nikamweleza yote, pamoja na lile jibu langu. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Alisema usajili wa Nduku ulifungwa kitambo, na hata ukifunguliwa, jambo hilo si jipya tena, lina wenyewe. Alimalizia kwa kuniuliza afya yangu.

Halafu nikaenda Kayole. Kutoka kwangu hadi kwa Nduku si safari, na mahali pake nilipajua siku zote. Ana cyber karibu na Spine Road. Anachapa barua za kazi, anajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao, na zaidi ya yote anatengeneza programu za mazishi, zile za rangi zenye picha ya marehemu. Programu ya mke wangu ilitengenezwa pale. Nilimtuma binti yangu, mimi nikabaki ng'ambo ya barabara nikijifanya nachagua maembe.

Safari hii niliingia. Alikuwa amenenepa kidogo, na kalamu bado iko nyuma ya sikio. Alinitazama kitambo.

"Mzee Wafula," akasema. "Karibu. Ni printi ama ni fotokopi?"

Nikampa flashi, nikamwambia ni printi, ya rangi. Aliichomeka, akafungua picha iliyokuwa humo, na mkono wake ukabaki juu ya kipanya bila kusogea. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa akiulizia barua yake: niaje auntie, hiyo CV yangu ishatoka? Nduku akamwambia angoje kidogo, bila kugeuka.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yote yakapotea. Nilisema tu kwamba nilikosea siku ile, kwamba alichokiona kilikuwa kweli, na kwamba Profesa aliponiuliza baadaye nilimdanganya. Nikamwambia na jibu la barua yangu kuhusu usajili.

"Hilo la usajili sijakuuliza," akasema. Kisha, macho yakiwa bado kwenye picha: "Wavu?"

"Mara nne."

"Kichujio?"

"Nilikizima."

Aliisogelea picha, akafuata viwimbi kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, kutoka kwenye mshtuko kwenda mbele. Nilimwona akivihesabu. Kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa ule wa alasiri ile aliponiita kwenye meza yake, nami nikathubutu kutumaini sijui nini. Akabonyeza, na printa ikaanza kuvuta karatasi.

"Kwa hivyo umejua kwa miaka."

"Ndiyo, nimejua."

"Baba alikuwa anauliza," akasema. "Kila nikienda kumwona. Nduku, wale watu waliamua nini kuhusu ule ufa? Nilikuwa namwambia bado wanaangalia." Akaitazama printa. "Tulimzika mwaka jana."

Nilitoa penseli mfukoni, penseli niliyokuja nayo makusudi, nikaiweka juu ya kaunta. Karatasi ilikuwa imetoka, ingali na joto. Nilimwomba aandike mistari mitatu, na kwenye ule wa kwanza aandike jina lake, kwa sababu kazi ilikuwa yake, faili yake, namba zake na macho yake.

"Lakini mimi sikuendesha hii," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo wanalolijua wote wawili. Akainamia kaunta, akaandika, akaninyooshea karatasi kwa mikono miwili, kisha akamgeukia yule kijana wa CV.

Nilifika nje, penye mwanga, ndipo nikaisoma. Aliyeendesha: Wafula. Wavu: mara nne. Kichujio: hakuna. Mwandiko ulikuwa safi, kwenye kona ya chini, kama nilivyomfundisha.